Mchujo napita, mahojiano nakwama: nijiandaeje kwa safari hii?

SWALI: Shikamoo mama. Nina shahada ya maendeleo ya jamii, nimemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na kwa sasa niko nyumbani Masasi. Nimeitwa mara mbili kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II. Mara zote mbili mchujo wa maandishi nimepita, ila kwenye mahojiano naishia hapo. Mara ya mwisho waliniuliza afisa maendeleo ya jamii ana kazi gani kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Nikajibu, "Kutoa elimu na kusimamia vikundi." Wakasema asante, wakaenda swali lingine. Sasa nimepita mchujo tena, na mahojiano ni Dodoma baada ya wiki mbili. Nasoma madaftari ya chuo usiku kucha lakini naona kama hayaingii. Halafu kuna mtu kanipigia simu, anasema nikituma laki tatu jina langu litapita. Wenzangu wanasema bila mtu wa kukushika mkono hupati kitu. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo wa laki tatu, kwa sababu hilo halisubiri wiki mbili. Usitume hata shilingi. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutangazwa hadharani, kila mwenye simu anayaona, kwa hiyo kuwapata watu wenye kiu ya kazi si kazi ngumu. Tapeli hana haja ya kumjua mtu yeyote ofisini. Anawapigia watu kadhaa, wachache wanatuma, na katika hao hatakosekana mmoja atakayepita kwa jasho lake mwenyewe. Huyo mmoja ndiye atakayezunguka mtaani akiapa kwamba "mtu wangu ni wa kweli", na wengine watatuma mwaka unaofuata. Usaili wa Sekretarieti haulipiwi. Na hata kama aliyekupigia angekuwa na mkono kweli, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Hifadhi namba yake na ujumbe wake kama ameandika, kisha piga 113, ni bure, uwaeleze TAKUKURU. Unaomba kazi ambayo ndani yake utasimamia mikopo ya wanyonge. Usiianze hivyo.

Kuhusu kushikwa mkono, sitabishana na wenzako, kila mtu ana aliyoyaona. Ila wewe mwenyewe umepita mchujo mara tatu bila kushikwa na mtu. Hilo linaniambia kwamba elimu unayo. Kinachokuangusha kiko mahali pengine, na nadhani nimekiona katika barua yako, kwenye lile jibu la asilimia 10.

"Kutoa elimu na kusimamia vikundi." Si jibu baya, wala halina kosa. Tatizo lake ni kwamba hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya kata angeweza kulitoa. Nimekaa kwenye majopo ya usaili kwa miaka mingi nikiwa afisa utumishi, na naomba uelewe kinachotokea upande wetu wa meza. Mbele ya kila mjumbe kuna karatasi. Maswali yameandikwa kabla hamjaingia, na msailiwa wa kwanza na wa mwisho wa kada ile mnaulizwa yale yale ili alama zilinganishwe kwa haki. Kando ya swali kuna hoja zinazotarajiwa na alama zake. Kwa swali lako hoja huenda zilikuwa tano au sita, nawe ukagusa mbili kwa juujuu, ukanyamaza. Mjumbe anaweza kuona usoni mwako kwamba unajua zaidi ya hapo. Anaweza hata kukuonea huruma. Lakini hana mahali pa kuandika alama ya kitu ambacho hukukitamka.

Na ile "asante, swali linalofuata" isikutishe. Jopo haliruhusiwi kukuvuta ulimi kwa sababu mwenzako hatavutwa. Wajumbe wengi hukaa kimya na nyuso zisizosema kitu. Wasailiwa wanatafsiri ule ukimya kuwa wamekosea, wanakatisha jibu, sauti inashuka, na swali linalofuata wanalijibu wakiwa wameshakata tamaa. Ukimya wa jopo ni utaratibu tu. Wewe maliza ulichopanga kusema.

Kwa hiyo, mwanangu, kuanzia leo yafunge madaftari ya chuo. Mchujo umeshapita, na hayo ndiyo yaliyokuvusha. Chukua tangazo la kazi lenyewe, lile uliloombea, ulichapishe au ulinakili kwa mkono. Pale kwenye "majukumu ya kazi" ndipo maswali mengi yanapotoka. Kila jukumu ligeuze liwe swali linaloanza na "utafanyaje". Tangazo la kada yako husema mambo kama kuratibu shughuli za maendeleo ya jamii katika kata, kuwawezesha wananchi kubuni, kupanga, kutekeleza na kutathmini mipango yao, kuhamasisha kazi za kujitegemea, kukusanya takwimu na kuandika taarifa. Basi jiulize: nikipangiwa kata ambayo wananchi wameacha kujitolea kwenye ujenzi wa zahanati, nitafanyaje? Nikiambiwa niandike taarifa ya robo mwaka ya vikundi vya kata, itakuwa na nini ndani?

Halafu jibu kwa sauti. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi kuliko mahali pengine popote. Kusoma kimya na kusema ni vitu viwili tofauti, na wewe umefanya kimoja tu kwa miaka mitatu. Mtafute mdogo wako au jirani, mkalishe kwenye kiti, mpe maswali kwenye karatasi, mwambie asitikise kichwa wala asicheke. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize. Utasikia "eee" ngapi, utasikia ni wapi unarudia neno lile lile kwa kukosa la kusema, na utasikia majibu yanayokwisha kabla hata hayajaanza. Ile rekodi itakuudhi siku ya kwanza. Irudie kesho yake.

Ngoja nikuoneshe jibu la asilimia 10 lingekuwaje. Usilikariri. Angalia tu lilivyoshonwa.

"Mheshimiwa mwenyekiti, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa vyanzo lindwa, yaani mapato yenye matumizi yake maalumu, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hii ulisitishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonesha kasoro, zikiwemo fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwepo, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu ulioboreshwa. Kwa hiyo kazi yangu kwenye kata naiona mahali patatu. Kabla ya mkopo, nitawatangazia wananchi wote, si wale wa karibu na ofisi tu, nitawasaidia kuunda na kusajili vikundi, na nitahakiki kwamba vipo. Wakati wa mkopo, nitapitia andiko la mradi pamoja nao na kuliwasilisha kwenye kamati husika bila kulipendelea. Baada ya mkopo, nitatembelea mradi, nitafuatilia marejesho, na nitaandika taarifa kwa ngazi ya halmashauri."

Hapo tayari unazo hoja za kutosha. Lakini kinachomfanya mjumbe ainue kichwa kutoka kwenye karatasi ni sentensi mbili tatu zinazofuata, zile zinazoonesha kwamba unaiona kazi kwa macho:

"Kwa mfano, kikundi cha mama lishe kikileta maombi, sitaishia kwenye barua na katiba yao. Nitakwenda wanapopikia. Nitaomba daftari la mahudhurio na daftari la michango, niangalie kama limeandikwa siku tofauti au limejazwa lote jana kwa kalamu moja. Nitazungumza na wanachama mmoja mmoja, kila mtu peke yake, nimuulize mnakutana siku gani, mweka hazina ni nani, mmechanga kiasi gani hadi sasa. Wakinipa majibu matatu tofauti, hicho bado si kikundi, na nitawaambia kwa heshima wakajipange kwanza."

Unaona, mwanangu? Hakuna neno gumu hata moja pale. Ulifanya mafunzo kwa vitendo, bila shaka uliwahi kukaa na kikundi au kumsindikiza afisa wa kata. Yale uliyoyaona siku hizo ndiyo mali yako. Chukua karatasi, uandike kila tukio unalolikumbuka kutoka mafunzoni, hata yale uliyoyaona madogo: mkutano wa kijiji ambao akidi haikutimia, mgogoro wa wanakikundi na mweka hazina wao, mama aliyekataa kujiunga na VICOBA kwa sababu mumewe hakutaka. Kila tukio litaingia mahali fulani kwenye majibu yako. Kama tangu umalize chuo umejitolea popote, kwenye kamati ya shule au kikundi cha vijana cha kanisani au msikitini, hayo nayo yaandike. Miaka mitatu ya kukaa nyumbani si aibu, ila utaulizwa ulikuwa unafanya nini, na jibu la "nilikuwa nasubiri ajira" ni jibu jepesi mno kwa mtu anayetaka kuhamasisha wengine wajitegemee.

Aina ya pili ya maswali ni ya mkasa: unapewa hali, unaulizwa utachukua hatua gani. Na wewe unatoka Masasi, basi ujiandae hasa kwa lile ambalo mtu wa kusini hatarajiwi kukosa jibu lake. "Katika kata yako wasichana wanaondolewa shuleni kwa ajili ya unyago, na baadhi wanapata mimba baada ya hapo. Utafanya nini?"

Wasailiwa wengi hapa wanaruka kwenye moja ya pande mbili. Yupo anayesema atapiga marufuku unyago, na kwa hilo anaonesha hajui kwamba afisa wa kata hana mamlaka ya kufuta mila ya watu, tena akijaribu atakuwa ameifukuzia porini ambako hataiona tena. Yupo mwingine anayesema atatoa elimu, basi. Jibu linalosimama linakwenda hatua kwa hatua. Kwanza unakusanya takwimu: walimu wakuu wakupe idadi ya watoro na miezi ambayo utoro unapanda. Kisha unakaa na makungwi na wazee wa mila kabla ya mkutano wowote wa hadhara, kwa sababu wakiaibishwa mbele za watu umewapoteza. Unajadiliana nao mambo mawili yanayowezekana: sherehe zifanyike likizo, na mafunzo yaendane na umri wa mtoto. Unaomba suala liingie kwenye ajenda ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, pale diwani na mtendaji wakiwepo, na kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Mwisho unarudi kwenye takwimu zile zile za utoro mwaka unaofuata uone kama zimeshuka.

Na kama katika mkasa huo kuna mwanafunzi aliyepewa mimba, hapo hakuna majadiliano ya kifamilia. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi. Unatoa taarifa polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, unamshirikisha Afisa Ustawi wa Jamii kwa ajili ya mtoto mwenyewe, na unafuatilia arudi masomoni, maana tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliokatishwa masomo kwa ujauzito warejee kwenye mfumo rasmi. Taja pia namba 116 ya huduma kwa mtoto. Jopo likikuuliza, "Na mtendaji akisema mambo haya tuyamalize kimyakimya?" usiyumbe. Sema utamkumbusha sheria kwa heshima, na kwamba taarifa utaitoa hata asipokubali.

Hapo hapo huwa linafuata swali la tofauti kati yako na Afisa Ustawi wa Jamii. Liweke tayari. Kwa ufupi, wewe unashughulika na jamii ili ijitambue, ipange na itende: vikundi, miradi, fikra, ushiriki. Ustawi wa jamii anashughulika zaidi na mtu au familia yenye shida mahususi: matunzo ya mtoto, mashauri ya ndoa, mzee asiye na mtu. Mnakutana njiani mara nyingi, na msailiwa anayeweza kusema anakabidhi wapi na kwa nani anaonesha amekomaa.

Maswali ya maadili nayo hayakosekani. Kanuni za Maadili ya Utendaji katika Utumishi wa Umma za mwaka 2005 zina misingi 8: kutoa huduma bora, utii kwa serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria, na matumizi sahihi ya taarifa. Zijue zote, lakini usizimwage tu kama shairi. Kila moja iwe na tukio lake. Upendeleo: mwenyekiti wa kijiji anataka kikundi cha mkewe kitangulizwe. Taarifa: mwandishi anakuomba majina ya waathirika wa ukatili. Jiulize utasema nini, na utamke.

Mambo ya karibuni yapitie haraka, usiku mmoja unatosha. Wizara yako sasa ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, imesimama peke yake tangu Januari 2022; bado wapo wanaojibu kwamba iko pamoja na afya. Mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, umeingia awamu ya pili, 2024/25 hadi 2028/29. Jua kwamba ukiwa halmashauri, mwajiri wako ni mkurugenzi na utawala wenu uko chini ya TAMISEMI, wakati sera ya kada inatoka wizarani. Jua mkutano mkuu wa kijiji unakaa kila baada ya miezi mitatu na unahusisha wakazi wote wa kuanzia miaka 18. Jua mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ile ya kupanga mipango pamoja na wananchi, kwa kiasi cha kuweza kuieleza kwa mwanakijiji. Ukiulizwa mwaka au namba ya sheria ukawa huna uhakika, usibuni. Sema, "Mwaka sina uhakika nao, ila sheria hiyo inataka hivi na hivi," uendelee. Mwaka uliobuniwa unatia shaka kila kitu kingine ulichosema vizuri.

Swali la kwanza kabisa litakuwa ni kujieleza. Watu wanalidharau, kumbe ndilo linaloweka sauti yako mahali pake. Usisimulie ukoo wala shida za nyumbani. Sema jina, elimu, ulikofanyia mafunzo kwa vitendo na ulichokifanya huko, ulichokuwa ukikifanya hadi sasa, na kwa nini kazi hii. Dakika mbili zinatosha. Hili ndilo jibu pekee ninalokuruhusu ulijue kwa moyo, ili hofu ikikupiga mlangoni mdomo ujue pa kuanzia.

Lugha: jiandae kwa zote mbili. Fanya mazoezi ya kila jibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wakikuuliza kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi, hakuna anayekupa alama kwa misamiati. Ukikwama kabisa, omba ruhusa kwa adabu umalizie kwa Kiswahili. Kuomba ruhusa ni bora mara mia kuliko kukaa kimya na hoja zako kichwani.

Sasa nyaraka, na hapa nakuomba kaa chini leo hii, si siku ya kufunga begi. Inaniuma sana kumwona kijana aliyesafiri siku nzima akirudishwa mlangoni kabla ya kuulizwa swali hata moja. Fungua lile tangazo la kuitwa kwenye usaili ulisome mstari kwa mstari. Wanataka vyeti halisi: cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na cha shahada. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi, wala ile karatasi ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haichukui nafasi ya cheti. Kama cheti chako cha shahada bado kiko chuoni kwa sababu yoyote, anza kukifuatilia kesho asubuhi. Ulipita mara mbili bila tatizo, najua, lakini kagua tena, vyeti hupotea na hulowa.

Kagua majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha shule kinasema Mwanahamis, kitambulisho cha taifa kina jina la babu ambalo shuleni hukulitumia. Kwetu mambo haya ni ya kawaida, lakini mezani pa uhakiki yanageuka kuwa watu wawili tofauti. Majina yakipishana, tangazo hueleza hati ya kisheria unayotakiwa kuja nayo. Tengeneza mapema, maana ofisi haziharakishwi na tarehe yako. Beba kitambulisho kinachokubalika, cha NIDA, cha mpiga kura, leseni au pasipoti. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal unakili namba yako ya usaili kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji siku ile ile unayoihitaji.

Gharama zote ni zako, kuanzia nauli hadi malazi na chakula. Masasi hadi Dodoma ni safari ndefu, usipange kushuka kwenye basi uende moja kwa moja ukumbini. Fika angalau siku moja kabla. Kama una ndugu au rafiki wa chuo Dodoma, mpigie leo. Hizo laki tatu ulizokuwa unafikiria kumtumia tapeli, kama zilikuwepo kweli, zinatosha nauli, chumba cha heshima na chakula, na chenji inabaki. Jioni ile uliyofika nenda ukaone mahali penyewe, geti liko wapi, daladala inapita wapi.

Mavazi sina mengi: nguo safi, ya staha, ambayo umeshawahi kuivaa ukaketi nayo kwa saa nzima bila kuivuta. Viatu visivyopiga kelele. Salimia ukiingia, ngoja uambiwe keti, mikono juu ya mapaja. Mtazame aliyekuuliza, lakini jibu ligawie jopo zima. Swali usiposikia, omba lirudiwe, na kabla ya kujibu unaweza kuvuta pumzi mbili. Hakuna anayekuhesabia sekunde hizo.

Mwishoni mwenyekiti anaweza kukuuliza kama una swali. Usiulize mshahara, ngazi yake imo kwenye tangazo. Uliza kitu kinachohusu kazi, kwa mfano kama afisa mpya wa kata hupewa mafunzo ya utangulizi kabla ya kukabidhiwa vikundi. Kama huna, shukuru tu uondoke.

Ukitoka, usikae nje ya ukumbi ukilinganisha majibu na wenzako. Rudi nyumbani. Orodha za kuitwa kazini hazitoki zote kwa pamoja. Waliofaulu lakini nafasi zikawa zimejaa huwekwa kwenye kanzidata, na matangazo yanayofuata huwa na majina yaliyochukuliwa humo. Kwa hiyo hata ukiona jina lako halimo mara ya kwanza, endelea kufungua akaunti yako, usibadilishe namba ya simu uliyoiandika, na vile vyeti halisi uviache kwenye bahasha moja, kwa sababu ukiitwa utapewa muda maalumu wa kuripoti kwa mwajiri, na ataviomba tena kuvihakiki kabla ya kukupa barua ya ajira.